Njaa ya Mtunya, Karanga za Kongwa na Saini za Jubilei



Ndugu zangu wapendwa, juma lililopita, baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo, bibi mmoja alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo sijaweza kulisahau. Mjukuu wake anaishi kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tangu mwaka 2025 bibi huyu amekuwa akisikia redioni kwamba fedha za misaada kutoka nje zinapungua. "Baba Paroko," akasema, "hivi hao Wazungu tumewakosea nini hata wakatukasirikia?"

Sikumjibu vema. Nilimsihi tu aendelee kumpeleka mtoto kliniki bila kukosa hata siku moja. Lakini nilipofika nyumbani swali lake lilinifuata hadi mezani. Ndani yake mna wazo ambalo wengi wetu tunalo: kwamba msaada ni hisani ya bwana mkubwa, akifurahi hutoa, akinuna hufumba mkono, na sisi kazi yetu ni kusubiri na kushukuru. Historia ya nchi yetu hii ya kati inatufundisha jambo jingine. Naomba leo tuipitie pamoja, taratibu.

Tuanze na njaa. Wazee wa Ugogo waliyapa majanga yao majina, na hakuna jina linalotisha kuliko Mtunya, neno lenye maana ya kunyang'anyana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi mawili yalipita juu ya nchi hii. Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo majeshi ya Waingereza yakaingia Dodoma, nayo yakataka ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mvua zikakosekana. Kaya zilizokuwa zimezoea kuvuka mwaka mbaya kwa kuuza mifugo hazikuwa tena na mifugo ya kuuza, wala vijana wa kulima. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1917 na 1920, katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo, walikufa kama 30,000. Ni kama kusema mtu mmoja katika kila watano.

Ukame ulikuwapo kabla ya Mtunya na umekuwapo baada yake. Kilichoifanya Mtunya iwe Mtunya ni kwamba chakula kilichukuliwa kwa amri, na aliyechukuliwa hakuwa na mahali pa kusemea. Hapakuwa na baraza ambamo Mgogo angesimama na kuuliza ng'ombe wake wamekwenda wapi. Mambo yake yaliamuliwa Berlin, halafu yakaamuliwa London, na katika miji hiyo miwili hakuwa na mwakilishi hata mmoja.

Miaka thelathini hivi baadaye, mambo yaligeuka. Safari hii fedha zilikuja, tena nyingi mno. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, na Kongwa ikawa makao yake ya kwanza. Ilikusudiwa kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu. Yakaletwa matrekta na matingatinga, mengine yakiwa mabaki ya vita. Ukajengwa mji mzima wa wageni. Tusidanganyike: lengo la kwanza lilikuwa mafuta ya kula kwa Waingereza waliokuwa wakigawiwa chakula kwa mgao, ingawa mradi ulitangazwa pia kuwa maendeleo ya Waafrika. Mibuyu na vichaka vikavunja mashine. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na karanga huzaa chini ya ardhi. Mvua nazo zikaja zilivyotaka zenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza zikahesabiwa kuwa zimepotea.

Mkulima yeyote wa Kongwa angeweza kuwaeleza habari za udongo ule na mvua zile bila malipo. Hakuulizwa. Hivyo Ugogo ulipata funzo la pili: fedha isiyotanguliwa na sauti ya mwenye shamba hufukiwa shambani.

Lakini Kongwa hiyohiyo ina habari nyingine, ndogo na nzuri zaidi. Kwa muda mrefu wilaya hiyo imesumbuliwa na vikope, ugonjwa wa macho unaoanza kwa watoto wenye nyuso chafu na nzi, ukamaliza kwa kuwapofusha mama zao na bibi zao. Tangu miaka ya 1980 watafiti kutoka nje, wakishirikiana na wataalamu wetu, walikwenda vijijini. Mara hii waliwauliza watu. Waligundua kwamba akina mama hawakuwa wazembe. Maji yalikuwa mbali, nao waliamini kwamba kumnawisha mtoto uso kunahitaji maji mengi. Wakakaa katika mikutano, wakaonyeshana kwamba maji kidogo tu yanatosha kunawisha nyuso nyingi. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa uso safi pamoja na dawa ya macho hupunguza vikope vikali kwa watoto. Matokeo hayo yalitajwa mbali na Kongwa, pote duniani ambako vikope vinapigwa vita. Wilaya iliyokuwa imemeza mamilioni ya pauni bila kuzaa karanga, ilizaa elimu kwa kikombe cha maji, kwa sababu watu walisikilizwa.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali la yule bibi. Fedha za dawa zilitoka wapi, na nani alizidai?

Katika miaka ya 1990 nchi yetu ilikuwa imelemewa na madeni. Serikali ilitumia fedha nyingi zaidi kulipa madeni ya nje kuliko ilizotumia kwa afya. Zahanati zilikuwa na kuta, lakini hazikuwa na dawa. Mzazi alitakiwa kulipa shilingi 2,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, mbali na michango mingine, na kwa kaya ya Bahi au Mpwapwa yenye watoto wanne hiyo ilikuwa sababu ya kutosha kumwacha binti nyumbani. Mwalimu Nyerere alikwisha kuuliza mbele ya dunia, katika miaka ya 1980, kama kweli ni haki tuwalaze watoto wetu na njaa ili tulipe madeni. Swali hilo lilisikika, lakini wenye fedha hawakulijibu.

Waliolijibu kwanza hawakuwa wakubwa. Huko Uingereza mwalimu wa chuo kikuu, Martin Dent, na mwanadiplomasia mstaafu, Bill Peters, waliichukua sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi, ile inayoagiza mwaka wa Jubilei, wadeni wapate nafuu na watumwa warudi kwao. Wakasema: mwaka 2000 na uwe Jubilei ya nchi maskini. Mnamo Novemba 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya kuandaa Milenia ya Tatu, aliwataka Wakristo wawe sauti ya maskini wote duniani, akipendekeza madeni ya nchi hizo yapunguzwe sana au yafutwe kabisa. Ndipo maparokia yakaingia kazini. Watu wa kawaida, akina mama wa vyama vya kitume, walimu wastaafu, vijana wa kwaya, waliandika kadi na barua kwa wabunge na mawaziri wao. Tarehe 16 Mei 1998, viongozi wa mataifa tajiri walipokutana mjini Birmingham, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakauzunguka mji kama mnyororo. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, viongozi hao walikutana Köln, Ujerumani, wakakubali kufuta sehemu kubwa zaidi ya madeni. Hadi kampeni inakwisha, watu milioni 24 wa nchi zaidi ya 60 walikuwa wametia saini. Hapa nyumbani pia mashirika na madhehebu mbalimbali yaliungana kudai jambo hilohilo.

Tafakarini, ndugu zangu. Wengi katika wale waliosimama Birmingham hawakuwahi kuiona Dodoma wala kulisikia jina la Chamwino. Hawakupeleka fedha zao tu. Walikwenda kuisumbua serikali yao wenyewe, kila mmoja kama raia, kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Na matunda tuliyaona kwa macho. Novemba 2001 Tanzania ilikamilisha masharti na kupata msamaha uliokadiriwa kufikia dola bilioni 3 kwa miaka itakayofuata. Mwaka huohuo Serikali iliifuta ada ya shule ya msingi, na mwaka 2002 ukaanza mpango wa MMEM. Wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000 walifika milioni 8.3 mwaka 2007. Madarasa yalifurika, walimu hawakutosha, na wengi tunakumbuka watoto waliokaa chini. Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Lakini binti yule wa Mpwapwa aliingia darasani.

Baadaye wakaja wengine waliofanya kazi kwa njia hiyohiyo, wakidai sasa dawa za UKIMWI, malaria na kifua kikuu. Mfuko wa Dunia ulianza mwaka 2002. Mpango wa Marekani wa UKIMWI ulipitishwa kwa sheria Mei 2003, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 15 za kwanza zilizolengwa. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure hapa nchini. Uchunguzi wa mwaka 2003 na 2004 ulikuta watu 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi. Ule wa mwaka 2022 na 2023 uliwakuta watu wazima 4.4 katika kila 100, na wengi wao wako kwenye dawa, wanalima, wanalea.

Lakini kuna ukurasa wa historia hii ambao hatupendi kuusoma. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria. Katika mkutano ule zilisikika sauti mbili. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, aliitaka dunia ianzishe mfuko wa kupambana na magonjwa hayo. Na wakuu wetu waliahidi kutenga walau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Lile la kwanza lilipata watu wa kulifuatilia: raia wa nchi za mbali walioandika barua mwaka baada ya mwaka, wakapiga simu, wakabisha hodi kwenye ofisi za wabunge wao. Ahadi ya pili ilikuwa yetu. Nani aliifuatilia? Yako mashirika machache, kama Sikika, ambalo jina lake linajieleza, yaliyoichambua bajeti ya afya na kuuliza maswali. Lakini wengi wetu hatukujua hata kwamba ahadi hiyo ipo, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nchi yetu haikuifikia.

Kisha ikaja Januari 2025. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID, lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, likafungwa na kazi zake zilizobaki zikahamishiwa wizara yao ya mambo ya nje. Uingereza nayo ilitangaza kupunguza. Ndipo redio zikaanza kusema yale aliyoyasikia bibi yetu.

Basi sasa naweza kumjibu. Bibi, hatukuwakosea kitu, wala raia wenzetu wa huko hawakutukasirikia. Dawa za mjukuu wako hazikuja kwa sababu bwana mkubwa alifurahi. Zililetwa na watu wadogo kama wewe walioisumbua serikali yao mpaka ikasikia. Huko kwao sauti hiyo imezidiwa nguvu kwa sasa. Inaweza kupata nguvu tena, na tuwaombee wanaoendelea kupaza. Ila tumewaachia wao peke yao kazi ambayo nusu yake ilikuwa yetu.

Nasi, wapendwa, hatuko tena katika siku za Mtunya. Mkutano mkuu wa kijiji upo, kila miezi mitatu, ingawa wengi tunauacha kwa wachache. Zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Je, unawajua wako? Na Bunge, ambalo watu wa Kigoma na Mtwara husafiri siku nzima kulifikia, limejengwa hapa mlangoni petu. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, bajeti ya nchi nzima hujadiliwa Dodoma, mwendo wa daladala kutoka kanisani petu. Watu wa Birmingham walisimama kwa ajili yetu bila kutujua. Itakuwa aibu sisi tushindwe kumwandikia mbunge wetu barua ya ukurasa mmoja kwa ajili ya jirani tunayemjua kwa jina.

Papa Fransisko, alipotangaza Jubilei ya mwaka 2025, aliomba tena madeni ya nchi maskini yasamehewe, na deni letu la taifa limekwisha kukua upya. Kwa hiyo kazi bado ipo. Naomba kila jumuiya, katika mkutano wake ujao, ijibu maswali mawili: zahanati yetu ilikosa dawa gani mwaka huu, na nani kati yetu atakwenda kuuliza kwa nini? Majibu yaleteni ofisi ya parokia kwa maandishi. Nitayasoma yote, na barua tutaiandika pamoja.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.