Kuondolewa Bila Amri: Njia za Baiskeli za Dar es Salaam na Ukimya wa Watumiaji Wake wa Chanika

Mwezi Novemba 2024 Bunge la jimbo la Ontario, nchini Kanada, lilipitisha sheria iliyoipa serikali ya jimbo hilo mamlaka ya kuondoa njia za baiskeli katika barabara tatu kubwa za jiji la Toronto, yaani Bloor, Yonge na University, kwa hoja kwamba njia hizo zinaongeza foleni ya magari. Wakazi waliandamana, chama cha waendesha baiskeli kikafungua kesi, na Julai 2025 mahakama ikaamua kwamba kuziondoa njia hizo kungekiuka haki ya uhai na usalama wa mtu iliyomo katika katiba, uamuzi ambao serikali ya jimbo ilitangaza kuukatia rufaa. Dar es Salaam nako njia za baiskeli zimekuwa zikitoweka kwa miaka mingi, kipande baada ya kipande, lakini upinzani wa umma unaolingana na ule haujaonekana. Makala haya yanauchambua ukimya huo na kutoa hoja kwamba chanzo chake si wakazi kukosa haja ya baiskeli, bali ni namna yenyewe ambayo njia hizo huondolewa: hakuna amri inayotolewa, na pasipo amri mpinzani hana cha kupinga wala wa kumshitaki.

Maelezo yaliyozoeleka ni tofauti. Husemwa kwamba baiskeli ni chombo cha kijijini, kwamba ujio wa bodaboda umeifanya ipitwe na wakati mjini, na kwamba njia iliyo tupu haina mwenyewe, hivyo anayeiegeshea gari au kuipangia bidhaa hamwonei mtu. Hoja hii inazunguka palepale, kwa kuwa utupu wa njia unachukuliwa kuwa ushahidi kwamba haihitajiki, ilhali njia iliyozibwa haiwezi kuwa na wapitaji. Aidha, hoja hiyo inawasahau watu wanaoonekana kila alfajiri katika kata za pembezoni mwa Ilala, hasa Chanika, ambako baiskeli ni chombo cha kazi zaidi ya kuwa chombo cha kumsafirisha mtu.

Kuhusu umuhimu wa usafiri usiotumia injini, yaani kutembea kwa miguu, kuendesha baiskeli na kusukuma mikokoteni, wataalamu hawatofautiani sana. Kitabu cha de Langen na Tembele cha mwaka 2001, kilichotokana na miradi ya majaribio ya miaka ya 1990 ambayo Temeke ilikuwa sehemu yake, kilikwisha kuonyesha kwamba maboresho ya gharama ndogo katika mitaa na vivuko yanaweza kumsaidia mkazi wa kipato cha chini. Mgogoro uko katika kipimo cha mafanikio. Dar es Salaam ilikuwa jiji la kwanza la Afrika kupewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, ile ya mwaka 2018, kwa sababu ya awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, katika Barabara ya Morogoro, mradi uliojumuisha pia njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Sifa hiyo ilistahili, lakini tathmini za aina hiyo huhesabu kilichojengwa na kukoma siku ya uzinduzi, huku suala zito likiwa ni kiasi gani cha njia bado kinapitika miaka kadhaa baadaye. Kilomita iliyojengwa kisha ikazibwa haipaswi kuendelea kuhesabiwa kuwa njia ya baiskeli, na taaluma inayoihesabu hivyo inashiriki, bila kukusudia, katika kuficha kuondolewa kwake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatokana na matukio ya Oktoba 2021, wakati mamlaka za Mkoa wa Dar es Salaam zilipowahamisha wafanyabiashara wadogo, yaani wamachinga, kutoka kando ya barabara. Kabla ya hapo, hasa tangu vitambulisho vya wajasiriamali vya Sh 20,000 vilipoanza kugawiwa mwishoni mwa 2018, wamachinga walikuwa wamejiona wana kibali cha kufanya biashara karibu popote, na meza zao zilienea juu ya njia za kando bila kubagua ya miguu na ya baiskeli. Ulipofika wakati wa kuwaondoa, mjadala ulikuwa mkali na pande zake zilijulikana. Serikali ilizungumzia usafi, mifereji, waenda kwa miguu na wenye maduka waliozibiwa milango. Wamachinga walizungumzia mitaji, mikopo na watoto wa kusomesha. Mwendesha baiskeli hakuwa miongoni mwa waliosikika. Njia yake ilizibwa bila yeye kuulizwa, na ilipofunguliwa hakutajwa kuwa mnufaika ambaye haki yake imerudishwa. Matokeo yake ni kwamba nafasi iliyoachwa wazi ilihesabiwa kuwa eneo lisilo na kazi, na katika sehemu nyingi bodaboda, bajaji na magari yaliyoegeshwa yakachukua pale palipokuwa na meza. Tukio hilo linaonyesha kwamba mamlaka zina uwezo wa kuisafisha njia zikiamua, na kwamba kilichokosekana ni mdai anayetambulika.

Kwa nini mdai huyo hajitokezi? Jibu lianze na mbeba mkaa wa Chanika. Baiskeli yake, mara nyingi Phoenix ya Kichina iliyoongezewa vyuma na fundi, hubeba magunia ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita mdomo na kushonewa kamba juu, moja likiwa limelazwa juu ya karia na mengine yakining'inia ubavuni kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Kwenye vilima vya Pugu haendeshi. Anashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo, hadi afike Gongo la Mboto na kuingia Barabara ya Nyerere. Mzigo huo haunyanyuki kuvuka ukingo wa zege. Kwa hiyo bodaboda mbili zilizoegeshwa juu ya njia hazimpunguzii nafasi tu, bali zinamfungia kipande kizima, kwa sababu hana budi kuteremkia barabarani mapema, mahali penye mteremko wa kushukia, na kubaki huko pamoja na daladala na malori ya mchanga hadi mteremko unaofuata. Wahandisi wakiiona njia hiyo tupu, hawaoni kwamba aliyeikimbia yuko mita mbili tu pembeni, katikati ya hatari.

Mtu huyu ana sababu nzito za kutopaza sauti. Mkaa ni bidhaa ya vibali na vizuizi, misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi iko jirani, na sera ya nishati safi ya kupikia, iliyoanza kuzihusu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 mwaka 2024, inaitazama biashara yake kama kitu cha kukomeshwa. Anayekwepa kizuizi hawezi kuitisha mkutano wa waandishi wa habari. Muuza nazi, muuza mboga na mwenye guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, hawana tatizo hilo la kisheria, lakini saa za kudai njia ndizo saa za kutafuta riziki.

Inaweza kupingwa kwamba ukimya huu umetiwa chumvi, kwa kuwa Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, umeandaa misafara ya kudai njia salama. Juhudi hizo ni za kuheshimiwa, na zinathibitisha kwamba haja ipo. Hata hivyo kudai njia mpya na kulinda iliyopo ni kazi mbili tofauti, na ya pili ni ngumu zaidi pale ambapo hakuna siku ya uamuzi. Nairobi inatoa mfano wa karibu: Novemba 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya kulipia, mti mmoja wa mugumo kando ya Waiyaki Way uliokolewa kwa amri baada ya umma kupaza sauti, kwa kuwa mpango wa kuuondoa mti ule ulijulikana, na mhusika wake alijulikana. Usumbufu waliopata waenda kwa miguu na waendesha baiskeli katika ujenzi huohuo haukupata amri ya namna hiyo.

Ikiwa uchambuzi huu ni sahihi, basi ujenzi peke yake hautatosha, na awamu ya tatu ya mwendokasi, inayofika Gongo la Mboto kwa Barabara ya Nyerere, huenda ikarudia historia ya Barabara ya Morogoro. Kinachohitajika ni kuipa njia ya baiskeli hadhi ya kisheria inayojitegemea ndani ya hifadhi ya barabara: iingizwe kwenye daftari la wakala wa barabara husika, TANROADS au TARURA, kwa mahali ilipo na upana wake, kuizuia kuwe kosa lenye faini, na kuifunga au kuibadilishia matumizi kuhitaji tangazo la umma lenye muda wa kupokea pingamizi. Hatua hiyo ingemlazimu kila anayeondoa njia ajulikane, na ingempa mkazi wa Chanika kile ambacho mkazi wa Toronto alikuwa nacho, yaani uamuzi wa kupinga na mahali pa kuupingia. Jiji lisilotoa nafasi hiyo halina haki ya kuutafsiri ukimya wa wananchi wake kuwa ni ridhaa.