Ritifaa ya Mjomba

Mjomba wangu wa Miono ana jina lenye ng'. Alipostaafu alikwenda kufuatilia mafao yake, mkononi ana barua ya ajira iliyopigwa taipu, jina kamili. Kwenye kompyuta ya ofisi (sitaitaja) ile alama ndogo, ritifaa, haikuwamo. Karani akamwambia hawa ni watu wawili. Ikambidi mzee apande basi hadi mjini, akaape mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye.

Nilitaka kujua kosa lilianzia wapi. Kwa kompyuta kila alama ni namba. Orodha iliyoenea ni ile ya Wamarekani ya mwaka 1963, iitwayo ASCII: tarakimu 0 hadi 9 ni namba 48 hadi 57, herufi kubwa ni 65 hadi 90, na herufi ndogo, zilizoongezwa baadaye, ni 97 hadi 122. Mtunga programu anayetaka jina liwe herufi na tarakimu tupu huiamuru mashine ikague alama moja moja. Ikikuta iliyo nje ya mafungu hayo, iikatae au iifute. Ritifaa ni namba 39. Hofu yao si ya bure, maana katika lugha nyingi za kompyuta alama hiyo hufungua na kufunga maneno, na ikiingia ovyo huvuruga amri.

Lakini kwetu ritifaa si kikorombwezo. Ngoa ni tamaa au wivu. Ng'oa ni kutoa mti na mizizi yake. Wala uamuzi huo si wa jana. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Miaka hiyohiyo taasisi moja ya lugha za Kiafrika huko London ilikuwa ikipendekeza herufi mpya, ŋ, kwa sauti hiyo. Kiswahili kikabaki na ng', ambayo taipureta ya kawaida iliweza kuipiga. Huwa nacheka peke yangu: tungeichukua ŋ, ile orodha ya 1963 isingekuwa hata na namba ya kuipa.

Mjomba alilipwa, baada ya miezi. Hati ya kiapo ameifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na barua ya ajira, na hataki mtu azitenganishe.