Punguzo la Wapangaji: Nyumba za Mabaraza Zilivyouzwa Uingereza

Halikuwa jambo geni Uingereza, hata kabla ya mwaka 1980, baraza la mji kumwuzia mpangaji nyumba aliyokuwa akiikaa, kwani mabaraza kadhaa yalikwisha fanya hivyo kwa hiari yao na kwa idhini ya waziri. Lakini sheria ya makazi iliyoanza kutumika tarehe 3 Oktoba mwaka huo, katika serikali ya Bibi Margaret Thatcher, iliigeuza hiari ya mwenye nyumba kuwa haki ya mpangaji.

Kivutio chake kilikuwa punguzo. Aliyekaa miaka 3 katika nyumba ya umma alisamehewa asilimia 33 ya thamani yake sokoni, na kila mwaka uliozidi ukamwongezea asilimia 1, hata alipotimiza miaka 20 akawa hadaiwi ila nusu ya bei. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba kodi iliyolipwa umri mzima haistahili kupotea bure. Mwaka 1984 ukomo ulipandishwa hadi asilimia 60. Na kwa kuwa wakaao ghorofani hawakuwa na shauku ya wale wenye bustani mlangoni (na nani awalaumu, ilhali ngazi, paa na mabomba ni mambo ya shirika?), sheria ya 1986 ikawafikishia hao asilimia 70.

Nayo haki hiyo haikuwa ya maneno tu: baraza la Norwich lilipojikokota katika kuuza, waziri alilitwalia kazi hiyo, na Mahakama ya Rufaa, jaji Lord Denning akiwamo, ikampa haki waziri mwaka 1982.

Kwa rai yangu, dhuluma, kama ilikuwapo, haikuwa katika mpangaji kupata milki, bali katika hesabu: punguzo lilitolewa na serikali kuu, lakini mali iliyopunguzwa ilikuwa ya baraza, na hata fedha zilizoingia baraza halikuachiwa kuzijengea nyumba nyingine, kwani sheria ya 1989 iliamuru robo tatu yake itengwe kwa ajili ya madeni. Nyumba zipatazo milioni 2 zimeuzwa katika England, na si haba zilizoangukia mikononi mwa wapangishaji, hata baadhi ya mabaraza yakarudi kuzikodi kwa ghali ili kuwasitiri wasio na makao.

Scotland iliifuta haki hiyo mwaka 2016, na Wales mwaka 2019. England imeibakiza, ila tangu tarehe 21 Novemba 2024 punguzo, lililokuwa limefikia pauni 136,400 katika London, halizidi pauni 38,000 popote; na katika siku chache zilizotangulia tarehe hiyo, maombi ya wapangaji yalimiminika mabarazani.