Mishahara katika taasisi za kidini: Ngara na Biharamulo

Mishahara katika taasisi za kidini ni malipo ya kazi yanayotolewa na chombo kilichoundwa kwa ajili ya imani na huduma, kisichokuwa na mwenye kugawana faida. Wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hayawahusu wachungaji na mapadri peke yao. Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara na Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, yenye makao yake Murgwanza, zina wauguzi, walimu, wahasibu, madereva na walinzi.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 haizihesabu taasisi za dini miongoni mwa mashirika hayo. Kanisa au jumuiya mpya ya Kiislamu hupeleka katiba yake kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi ya wadhamini, inayoshika ardhi na majengo, husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kinachokatazwa ni waanzilishi kugawana ziada. Kumlipa mtu aliyefanya kazi si kugawana ziada.

Utata huanzia kwenye neno “posho”. Waanzilishi wengi hutegemea sadaka, na wanaojitolea hupewa nauli na chochote kitu. Lakini kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtunza fedha anayeshinda ofisini siku mbili kila wiki huvuka kiwango hicho, hata kama daftari limeandika “posho ya kujitolea”.

Akishakuwa mwajiriwa, hesabu huanza. Kwa viwango vya mwaka 2023, mhasibu mwenye mshahara wa shilingi 400,000 hukatwa 40,000 za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Zinabaki 360,000; kati ya hizo 270,000 za kwanza hazitozwi kodi, na 90,000 zilizosalia hutozwa asilimia 8, yaani 7,200. Anapokea 352,800. Mwajiri naye huongeza NSSF 40,000 na 2,000 za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, hivyo nafasi hiyo moja humgharimu 442,000. Kodi hupelekwa TRA, mamlaka ya mapato, kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, sadaka iwe imejaa kapu au la.

Ngara iliwahi kuona mishahara ikipanda ghafla. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la mpakani la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, pakawa kambi kubwa. Mashirika ya misaada yalifika kwa wingi, ya makanisa yakiwemo: TCRS, lililoanzishwa 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, Caritas, na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi, lililoanzisha Redio Kwizera. Walimu na wauguzi waliacha vituo vya serikali kufuata malipo ya kambini. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, miradi ikapungua, na ajira nyingi zikaondoka nayo.

Hospitali za makanisa zilikuwa tayari na nguzo nyingine ya mishahara: Serikali. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Chini ya mpango wa hospitali teule, hospitali hubaki mali ya kanisa huku Serikali ikichangia mishahara na ruzuku ya uendeshaji. Hospitali ya Murgwanza na hospitali teule ya Biharamulo zimefanya kazi kwa utaratibu huo. Wauguzi wawili wanaweza kuwa zamu katika wodi moja, mmoja akilipwa kutoka Hazina, mwenzake akilipwa na dayosisi kutokana na ada za wagonjwa.