Kupanga Shughuli za Kujifunza Nyumbani kwa Mtoto wa Mwaka Mmoja hadi Mitatu

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hujifunza kila saa aliyo macho: kwa kushika, kuonja, kuanguka, kuiga na kusikiliza. Hata hivyo, katika familia zetu nyingi za Kyela na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa bado husemwa kwamba mtoto wa umri huo “hajaanza kusoma”. Basi husubiriwa darasa la awali, ambalo kwa kawaida huanza akiwa na miaka mitano. Kufikia hapo, miaka ambayo ubongo hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote baadaye imekwisha kupita. Kabla ya shule, shule ya mtoto huyu ni nyumba yetu.

Msingi wa wajibu huu

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Taifa nalo, kupitia Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa mwaka 2021, linazihesabu fursa za kujifunza mapema kuwa sehemu ya malezi, sambamba na afya, lishe, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio. Mwitikio maana yake ni hii: mtoto anapotoa sauti au kunyosha kidole, mtu mzima humtazama na kumjibu.

Namna ya kupanga

Mpango mzuri hauongezi kazi. Huambatana na kazi iliyopo. Kila Jumapili tuchague shughuli tatu tu za juma zima, na kila moja tuifunge na wakati wake: kunawa, kupika, kupumzika jioni. Dakika tano hadi kumi zatosha. Shughuli ile ile irudiwe siku nyingi, kwa maana mtoto hujifunza kwa kurudia. Akichoka, tuache, akigundua mchezo wake mwingine, tumfuate.

Mifano ya shughuli

Asubuhi: Tunapomnawisha, tutaje viungo vya mwili kimoja kimoja, kisha tumwulize, “Pua iko wapi?” Tumzoeze kuamkia wakubwa.

Jikoni: Wa mwaka mmoja apewe sufuria na vifuniko afunike na kufunua. Wa miaka miwili atenge ndizi kubwa na ndogo, au akabidhi vijiko viwili, kisha vitatu, huku tukihesabu.

Uani: Mpunga unapoanikwa, afukuze kuku pamoja nasi. Hapo hujifunza kukimbia, kusimama, na maneno “njoo”, “nenda”, “bado”.

Udongo: Akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanasifika kwa ufinyanzi wa vyungu. Mtoto naye apewe donge la udongo laini na safi alibonyeze na kuliviringisha. Vidole vyake hupata nguvu itakayoshika kalamu baadaye.

Baba na samaki: Mbasa ni mkubwa, usipa ni mdogo. Baba anayeleta samaki nyumbani anaweza kufundisha ukubwa, idadi na rangi kabla samaki hawajafika jikoni.

Jioni: Bibi asimulie hadithi, na aisimulie kwa Kinyakyusa, Kindali au Kikisi kama ndiyo lugha ya nyumbani. Lugha mbili hazimchanganyi mtoto. Siku ifungwe kwa ishara ya msalaba, tukiushika mkono wake polepole.

Msimu wa shamba

Wakati wa palizi na mavuno mtoto mara nyingi huachwa na ndugu yake wa umri wa shule. Dada au kaka huyo hawezi kuchukua nafasi ya mtu mzima, naye pia ana haki ya kwenda darasani. Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kupeana zamu, ili mtu mzima mmoja abaki na watoto wa nyumba kadhaa, akiwa na shughuli zilizokwisha kupangwa.

Usalama

Mtoto wa umri huu hutia kila kitu kinywani. Maharage, mbegu za kokoa, sarafu na vifuniko vya chupa visiwe vitu vyake vya kuchezea. Ndoo ya maji yaweza kumzamisha, sembuse ziwa na mito inayofurika wakati wa masika. Asikae karibu na maji bila mtu mzima anayeweza kumfikia kwa mkono. Dawa za shamba zisiwekwe katika chupa za soda.

Kuhusu simu, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku.

Lini tuombe msaada

Mtoto asiyetembea akiwa na miezi 18, asiyegeuka anapoitwa, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe kliniki mapema. Tusimfiche wala tusimlinganishe na wa jirani. Shughuli za nyumbani ziendelee kwake pia, kwa hatua ndogo zaidi, kwani naye anahitaji kuzungumziwa, kuguswa na kujibiwa kila siku.