Nyumba ya bure, ufunguo wa nani?



Nianze na swali. Kama leo usiku kampuni moja ya Marekani ikiamua kuzima mashine zake, kumbukumbu za kijiji chenu zitabakia wapi? Najua wengi watajibu: “Ziko kwenye grupu.” Njo pale pale nataka tufike. Grupu ni ya nani?

Mimi ni mtoto wa Makobola, kusini ya Uvira, kwenye njia ya Baraka. Kwetu kumbukumbu si neno la kupamba hotuba. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa, ile tunaita Mapping, ilitolewa Oktoba 2010 na ikayaweka mauaji hayo kati ya matukio 617 ya ukatili mkubwa yaliyotokea Kongo toka 1993 mpaka 2003. Lakini ripoti haiwezi kubeba kila jina. Majina yanakaa midomoni mwa wazee na kwenye kaye za familia.

Sasa katika umoja wetu kuna pendekezo zuri: tukusanye ushuhuda wa wazee, tuuweke kwenye intaneti, mahali pa bure, juu feza hatuna. Mimi naunga mkono kukusanya. Juu ya hayo maneno “mahali pa bure”, naomba tusome kwanza historia. Vitu hivi vina zaidi ya miaka 25, na vimekwisha kutuonyesha tabia yao.

Tuanze na jambo lenyewe. Jukwaa la intaneti ni mahali ambapo mtu anaandika mada, wengine wanajibu chini yake, na maandishi yanabaki hapo kwa utaratibu. Mtu akija baada ya miaka 10 anatafuta neno moja na anasoma mazungumzo yote. WhatsApp si hivyo. Kwenye WhatsApp ujumbe wa jana unasukumwa na salamu za asubuhi, na simu ikiibwa au ikianguka ziwani, mara nyingi na mazungumzo yameenda.

Miaka ya 1990, kuwa na jukwaa lako ilikuwa kazi ya watu wenye uwezo. Ilihitaji kompyuta inayowaka usiku na mchana, laini ya intaneti isiyokatika, programu ya kupanga mada na majibu, anwani ya kulipia kila mwaka, na fundi wa kurekebisha yakiharibika. Kila kitu hapo kina bei. Ndipo ikaja akili mpya: kampuni moja iweke mashine na programu, halafu iwagawie watu maelfu kwa maelfu. Ukijaza jina la jukwaa, ukachagua rangi, ukatoa anwani ya barua pepe, baada ya dakika chache uko na jukwaa lako. Hulipi kitu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ezboard ilikuwa moja ya huduma kubwa za namna hiyo. Mwaka 2000 kijana wa Marekani, Patrick Clinger, akaanzisha ProBoards kwa mpango uleule. Wapenda mpira, wapenda riwaya, wagonjwa wa ugonjwa mmoja, wahamiaji wa nchi moja, wote wakapata pa kukutania. Tusidharau hilo. Watu ambao wasingekutana maisha yao yote walipata kikao.

Nani alilipa umeme? Matangazo. Juu ya kila ukurasa kulikuwa na tangazo, na mwenye kutangaza alilipa kampuni kufuatana na macho ya wasomaji. Pia anwani ya jukwaa lako ilibeba jina la kampuni. Ukitaka kuhama, jina huwezi kulibeba, na mara nyingi hata maandishi huwezi kuyabeba, juu yako ndani ya mashine usiyo na ruhusa ya kuifungua. Mtu aliyepanga nyumba Uvira anaelewa haraka: umepewa chumba bure, mwenye nyumba anabandika matangazo ukutani, na siku anataka chumba chake, vyombo vyako viko ndani na ufunguo uko mfukoni mwake.

Mwaka huohuo wa 2000 ilizaliwa bure ya namna nyingine. James Atkinson alianzisha phpBB, programu ya jukwaa ambayo mtu yeyote anaichukua bila kulipa, anaisoma, anaibadilisha. Hiyo haikupi nyumba. Inakupa ramani na matofali, kiwanja utafute mwenyewe. Inachosha zaidi, na kuna feza ya kutoa kila mwaka kwa ajili ya mashine na anwani. Lakini ufunguo ni wako, na siku ukichoka na mwenye kiwanja unabeba kila kitu unaenda kwingine.

Hizi bure mbili zinaitwa kwa jina moja, na njo maana zinatudanganya.

Tuone bure ya kwanza iliishia wapi. Mwaka 2000 na 2001 soko la kampuni za intaneti lilianguka Marekani, na bei ya matangazo ikashuka nalo. Huduma nyingi za bure zikafunga. Nyingine zikaanza kuomba malipo kwa yale waliyozoea kutoa bure. Mwishoni mwa Mei 2005 ezboard ilivamiwa na wahalifu wa kompyuta, na maandishi mengi ya wanachama yakafutika. Mwenye jukwaa angefanya nini? Hakuwa na nakala. Nakala ilikuwa kazi ya mwenye nyumba.

Oktoba 2009 Yahoo ikafunga GeoCities, mtaa mkubwa wa kurasa za bure ambako watu wengi walijifunza kuandika kwenye intaneti. Miaka 10 baadaye, Oktoba 2019, ikatangaza kwamba hata maandishi ya Yahoo Groups yatafutwa. Yahoo ilikuwa imenunua eGroups mwaka 2000, na vikundi vingi vya ukoo, vya kanisa na vya wanafunzi wa zamani viliweka humo barua zao. Watu wa kujitolea walikimbia usiku na mchana kuokoa walichoweza. Tarehe 15 Desemba 2020 mlango ukafungwa kabisa. Hakukuwa na vita wala moto. Ilikuwa hesabu tu: kitu hakileti faida tena.

Hapo kuna jambo linalotugusa sisi zaidi. Kama nyumba inalipwa na matangazo, basi thamani ya chumba chako ni thamani ya macho ya wageni wako. Mwenye kuuza magari Chicago hana haja na macho ya mtu wa Makobola anayehesabu mega zake. Kwa hiyo mazungumzo ya Kiswahili cha kandokando ya Tanganyika hayamletei mwenye nyumba feza ya maana. Siku ya kupunguza gharama, nani atatutetea kwenye kikao chao?

Tuje nyumbani, Afrika ya Mashariki, juu watu wetu nao wamejenga.

Mkenya David Kobia, akiwa Marekani, aliendesha Mashada, jukwaa kubwa la Wakenya. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipozaa vurugu, matusi ya kikabila yalijaa humo mpaka, Januari 2008, Kobia akalifunga. Ni mwenye nyumba kufunga mlango, ndiyo, lakini alikuwa mmoja wa jamii ileile, aliyeona moto unawaka ndani na akajua unaunguza nani. Halafu mwezi huohuo akashirikiana na Ory Okolloh, Erik Hersman na Juliana Rotich kujenga Ushahidi, ramani ambayo raia walitumia kutoa habari za mahali vurugu zinatokea. Novemba 2008, vita vilipokaribia Goma, programu hiyo ilitumiwa kwa ajili ya mashariki ya Kongo yetu. Programu ilitolewa bure, ile bure ya matofali, ndiyo maana iliweza kusafiri kutoka nchi moja mpaka nyingine.

Tanzania, mwaka 2006, Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha Jambo Forums, ambayo mwaka 2008 ilichukua jina la JamiiForums. Wasomaji hawakulipa, lakini nyumba ilikuwa na wenyewe wanaojulikana, na Kiswahili kilikuwa mlangoni mpaka jikoni. Watu waliandika habari za rushwa bila kutaja majina yao. Februari 2008 waanzilishi wote wawili walikamatwa na kuhojiwa. Desemba 2016 Melo alikamatwa tena. Polisi walitaka kujua walioandika ni akina nani, naye akakataa kuwatoa. Kesi zikamzungusha mahakamani kwa miaka. Juni 2018 sheria mpya za maudhui ya mtandaoni, pamoja na ada za leseni, zilifanya JamiiForums izime kwa muda, kisha ikarudi. Mwaka 2019 Melo alipewa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari na Kamati ya Kulinda Wanahabari ya New York.

Tazama vizuri habari hiyo. Kuwa na ufunguo wako si raha. Ufunguo unakuletea ada, polisi na mahakama. Lakini ufunguo pia ndio uliomwezesha mtu kusema “sitoi majina”. Kwenye nyumba ya bure ya mbali, anayejua nani aliandika nini ni kampuni, na siku akiulizwa, hatakuita wewe kwanza kupata ushauri. Kwetu hilo si jambo dogo. Mzee anayesimulia aliyoyaona mwaka 1998 anaishi bado njia moja na watu wenye silaha. Ushuhuda wake una jina na una sauti. Tukiuweka hadharani, nani anayeweza kuuondoa siku ukimletea hatari? Hilo liko kwenye pendekezo letu? Mimi sijaliona.

Na sisi Kongo tuna fundisho letu wenyewe. Waya wa WACS, unaopita chini ya bahari, ulifunguliwa Muanda mwaka 2013, upande mwingine kabisa wa nchi. Uvira tumezoea kutegemea mnara wa simu, na wengine wetu tulivuka Kavimvira kwenda Bujumbura kutafuta siber yenye mwendo. Hata hiyo intaneti kidogo, serikali imekwisha kuikata. Iliikata Januari 2015 watu walipoandamana juu ya sheria ya uchaguzi. Tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, nchi nzima ikabaki gizani karibu siku 20.

Angalia tarehe hizo. Tarehe 30 na 31 Desemba 2018 Makobola ilikuwa inatimiza miaka 20 tangu mauaji. Siku zile, aliyeweka orodha ya marehemu wake kwenye grupu hakuweza kuifungua. Aliyekuwa nayo kwenye kaye aliifungua na akasoma.

Kwa hiyo ninaposema tusikimbilie nyumba ya bure, sisemi tuiogope intaneti. Bila majukwaa ya bure, vijana wengi wa vijijini wasingekuwa na pa kusemea kabisa, na mimi mwenyewe naandika hapa bila kulipa kitu. Tuitumie kama barabara ya kupitisha habari. Ghala liwe kwingine.

Pendekezo langu ni dogo, na linaingia kwenye uwezo wetu. Kwanza, kila ushuhuda uandikwe kwenye karatasi, mzee asomewe kwa lugha yake na akubali, na aseme kama jina lake litajwe au lifichwe. Pili, nakala tatu: kaye moja ibaki kwa familia, moja iwekwe parokiani au shuleni, na sauti pamoja na maandishi viwekwe kwenye flashi mbili, moja Makobola na moja nje ya eneo letu, juu tunajua kukimbia ni nini. Tatu, kama tunataka jukwaa la intaneti, tuchukue programu ya bure ya kubeba wenyewe, tulipie anwani kwa jina la umoja, si kwa jina la kijana mmoja atakayeolewa au kuhamia Kampala na nywila yake. Mama zetu wanaendesha likirimba kila wiki na hesabu haipotei. Wasomi wa umoja mzima tushindwe kuchanga feza ya anwani moja kwa mwaka?

Mwisho, kabla ya kikao kijacho kila mmoja aende kwa mzee mmoja wa ukoo wake na kaye na bic. Wale waliokuwa na miaka 50 mwaka 1998 leo wamepita 75. Mashine za California tunaweza kuzisubiri. Wazee hawa hapana.