Asili ya Makali ya Malaria: Kutoka Michenga hadi Korogwe

Katika kata ya Ulaya, iliyo kati ya Kilosa mjini na Mikumi mkoani Morogoro, malaria hujitokeza kwa sura mbili ambazo wataalamu walihangaika kwa muda mrefu kuzipatanisha. Mtu mzima anaweza kulima msimu mzima akiwa na vimelea katika damu yake bila kupata hata homa, ilhali mtoto wa nyumba hiyo hiyo anaweza kuamka na joto la mwili asubuhi na kufikia degedege na kupoteza fahamu kabla ya usiku, hali ambayo wazazi huieleza kwa kusema malaria imempanda kichwani. Kinga ya mwili inaeleza sehemu ya tofauti hiyo lakini si yote, kwa sababu hata miongoni mwa watoto wa umri mmoja, wengi hupona kwa dawa za kawaida na wachache tu hufikia hali mahututi. Sehemu kubwa ya majibu kuhusu kinachovifanya vimelea viwe vikali imepatikana Afrika Mashariki, na baadhi yake katika bonde la Kilombero, ambako msafiri hufika kwa kufuata barabara itokayo Mikumi kuelekea kusini.

Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliviona vimelea vya malaria kwa mara ya kwanza katika damu ya wagonjwa nchini Algeria. Kabla ya karne hiyo kwisha, Waitaliano Ettore Marchiafava na Amico Bignami, waliochunguza maiti za watu waliokufa kwa malaria, walikuta mishipa midogo ya ubongo imejaa seli nyekundu za damu zenye vimelea. Robert Koch, aliyefanya utafiti wa malaria Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898 wakati wa utawala wa Wajerumani, alikwenda baadaye New Guinea na kubaini kwamba watoto ndio waliokuwa na vimelea vingi kuliko watu wazima, akahitimisha kuwa kinga hujengeka taratibu kwa kuambukizwa tena na tena. Waitaliano walikuwa wameugusa moyo wa jambo lenyewe, ila hawakuwa na njia ya kujua kwa nini seli hizo zilinasa kwenye kuta za mishipa.

Jibu lilihitaji kimelea chenyewe, Plasmodium falciparum, kikuzwe maabara, kazi iliyofanikiwa New York mwaka 1976 mikononi mwa William Trager na James Jensen. Ilifahamika baadaye kwamba kimelea kikiwa ndani ya seli nyekundu husukuma nje protini iitwayo PfEMP1, ambayo huigandisha seli hiyo kwenye ukuta wa mshipa ili isipitie kwenye bandama, kiungo kinachochuja na kuharibu seli zilizoambukizwa. Mwaka 1995 ziligunduliwa jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya kimelea, zinazotengeneza protini hiyo, zikapewa jina la var. Orodha kamili ya vinasaba vya kimelea hicho, iliyochapishwa mwaka 2002, ilionyesha kromosomu 14 na jeni zipatazo 5,300, ambapo za var ni kama 60. Kwa kawaida kila kimelea huwasha moja tu kati ya hizo 60 na kuzizima nyingine zote, kisha kizazi chake huweza kuwasha nyingine pale mwili unapoanza kuitambua ile ya kwanza.

Hapo ndipo kijiji cha Michenga, karibu na Ifakara katika bonde hilo la Kilombero, kinapoingia katika historia hii. David Walliker wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambaye mwaka 1987 alikuwa ameonyesha kwamba aina mbili za falciparum zinaweza kuzalishwa pamoja maabara, alitaka kujua kama jambo hilo hutokea pia vijijini. Yeye na wenzake, akiwemo Hamza Babiker, walichunguza mbu waliokamatwa Michenga, wakatoa kwenye tumbo la kila mbu vifuko ambamo mbegu za kiume na za kike za vimelea huwa zimekwisha kuungana, na kupima jeni za kila kifuko peke yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba vimelea vya ukoo tofauti huchanganyika ndani ya mbu mara kwa mara, kwa kiasi ambacho kingetarajiwa kama vingekuwa vikikutana bila kuchaguana. Kazi hii haitajwi sana katika masimulizi ya malaria, nayo inastahili heshima kubwa zaidi, kwa sababu inafanya iwe vigumu kuamini kwamba kuna ukoo mmoja mkali unaopita kijijini ukiua watoto. Penye mbu wengi, jeni hupanguliwa na kupangwa upya kila zinapopita ndani ya mbu, zikiwemo zile za var, na ukali hauna budi kutafutwa katika jeni iliyowashwa.

Ushahidi wa dhana hiyo ulianza kuja kutoka Kenya. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi magharibi mwa nchi hiyo, walieleza kwamba vimelea vinavyojikusanya katika kondo la nyuma la wajawazito hushika kitu kimoja mahsusi ambacho vimelea vya wagonjwa wengine kwa kawaida havikishiki. Miaka miwili baadaye watafiti wa Kilifi walionyesha kuwa mtoto huugua kutokana na vimelea vyenye sura ya nje ambayo kingamwili zake, yaani protini za ulinzi wa mwili, zilikuwa bado hazijaijua.

Hatua iliyofuata ilipigwa mkoani Tanga. Thomas Lavstsen wa Copenhagen, akishirikiana na watafiti wa Tanzania akiwemo John Lusingu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walipima jeni za var zilizowashwa katika vimelea vya watoto waliolazwa Korogwe, na mwaka 2012 wakatangaza kwamba makundi mawili, DC8 na DC13, yalikuwa yamewashwa zaidi kwa watoto wenye malaria kali. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba protini za makundi hayo hushika kipokezi cha protini C kwenye kuta za mishipa. Protini C, inapoamshwa kwa msaada wa kipokezi hicho, huzuia damu kuganda ovyo na mishipa kuvuja, hivyo kimelea kinachokikalia kipokezi kinaweza kuwa kinaondoa ulinzi huo mahali pale pale kilipojibanza, na katika ubongo wa mtoto athari yake ni uvimbe.

Utafiti wa Muheza, pia mkoani Tanga, uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia watoto 882, ulionyesha kuwa wingi wa vimelea peke yake hautoshi kueleza ukali, kwani watoto wengi walikuwa na vimelea vingi mno bila kufikia hali mahututi. Jambo hili lina uzito katika zahanati yoyote wilayani Kilosa, kwa kuwa kipimo cha haraka hutambua protini ya kimelea na kuthibitisha kwamba kimo, lakini hakisemi jeni ipi imewashwa, na hata darubini huona hasa vimelea vichanga vinavyozunguka katika damu, ilhali vilivyokomaa vimejificha kwenye mishipa ya ndani. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye degedege hutibiwa kwa kufuata dalili zake, kwa sindano ya artesuneti na rufaa ya haraka, hata kama vimelea vilivyoonekana ni vichache.

Mwaka 2024 zilitangazwa kingamwili mbili za binadamu, C7 na C74, zinazozuia protini nyingi za PfEMP1 zisishike kipokezi cha protini C, licha ya tofauti kubwa zilizopo kati ya protini hizo. Chanjo za RTS,S na R21 zinazopewa watoto barani Afrika hukilenga kimelea kabla hakijaingia kwenye ini, wala hazigusi protini ambayo makali ya Korogwe yalitokana nayo. Kingamwili hizo zimeonyesha ni sehemu gani ya protini hiyo chanjo ya namna nyingine ingeweza kuilenga.